Ratiba ya Desemba

Kabugho ameandika miji tisa
nyuma ya risiti ya chama cha ushirika,
upande wa pili wa kilo zetu za kahawa:
Madrid, Toledo, Kordoba, Sevilla, Kadizi,
Granada, Valensia, Barselona,
na Bilbao, ambao hata yeye hajui umefikaje humo.
"Unatamkika vizuri," asema.
Miji tisa, siku kumi na moja,
na mbili kati ya hizo zimo tumboni mwa ndege.

Nilikuwa karani wa stoo, mgodini Kilembe,
kabla shaba haijanyamaza.
Nilihesabu koleo, taa, buti zisizo na wenzake.
Ndiko nilikojifunzia Kiswahili, lugha ya zamu,
na ndiko nilikojifunzia kwamba kitu kilichoandikwa
si kitu kilichomo rafuni.

Kwa hiyo namwambia, taratibu:
mji si nukta ya ramani, mama Ithungu.
Mji ni kufungasha,
ni sanduku kwenye ngazi, ni stesheni yenye milango minne
na sisi tumesimama mbele ya ule wa tano.
Ni goti langu la kushoto.
Kila mji unakula nusu siku kabla hujauona,
kama mgeni anayedai chai kabla ya salamu.

Na jua lao la Desemba ni vibarua wavivu.
Hapa Kasese saa moja ni saa moja,
kumekucha, jogoo hana la kuongeza.
Kule saa mbili na nusu ya asubuhi bado giza.
Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu tangu macheo,
itapotea njia uwanjani pa ndege
na itarudi nyumbani peke yake.

Ubalozi nao wataka kujua
tutalaza vichwa wapi, usiku baada ya usiku,
kana kwamba sisi ni maboksi ya vanila.

Nikachukua kalamu nyekundu.
Barselona ikaenda, kwa nauli.
Valensia ikaifuata bila kelele.
Kadizi: upepo.
Toledo tutaiendea asubuhi tukirudi jioni, mikono mitupu.
Kordoba tutaiona dirishani mwa treni,
dakika chache, kaa upande wa kulia,
au wa kushoto, tutauliza.

Nilipogusa Sevilla akaushika mkono wangu.
Amesoma kwamba majira hayo barabara zake zimejaa michungwa,
matunda yakining'inia juu ya vichwa vya watu
na hakuna mtoto anayerusha jiwe.
"Kwa sababu ni machungu," nikamwambia, "hayaliwi."
Akafikiri.
"Machungwa machungu," akasema,
"nataka kuwaona watu wanaopita chini ya tunda
miaka yote na hawalili."
Sevilla ikabaki. Siku mbili.

Halafu Granada.
Nyuma ya Granada kuna mlima mweupe.
Nikacheka: Kabugho,
tumezaliwa chini ya theluji sisi,
miaka sitini na kitu tunaitazama ikijifunika mawingu
kama mwanamke aliyeona wageni mapema mno.
Babu zetu walisema huko juu kuna mwenyewe.
Hatujawahi kuigusa.
Sasa tuuze vanila ya misimu miwili
twende kuitazama ya watu, tena kutoka chini?

Hakujibu. Alisimama akafunga dirisha,
Nyamwamba ulikuwa unapiga kelele na mawe yake.
Aliporudi alikuwa na senti mbili za sauti:
"Kuna gari linapanda kila asubuhi.
Watu wanashuka, wanaigusa, wanarudi kula."

Nilitafuta katika hesabu zangu zote
mahali pa kumkatalia.
Goti, nauli, viatu, baridi.
Vyote vilikuwepo, vimepangwa rafuni,
na hakuna hata kimoja kilichotaka kutoka.

"Basi," nikasema.

Naye, kwa mwandiko wake wa kulala,
chini ya Granada, siku ya tatu,
akaandika: *basi, asubuhi.*